Bobine ya Lobi

Fulana arobaini zilikuwa zimekwisha kuchapwa, kila moja na uso wa marehemu Lukumani kifuani na maneno mawili mgongoni, NAKUYA LOBI, ndipo Évariste alipogundua kwamba maneno yale mawili yalikuwa uongo.

Aligundua Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya Solange, binti ya marehemu, huku chai yake inapoa. Jumamosi ilikuwa siku ya kuanua matanga. Mwaka mzima ulikuwa umetimia tangu Lukumani azikwe, na sasa mjane wake, Berthe, avue nguo nyeusi, watu wale, wanywe, wacheke, na kila mtu arudi kwenye shida zake za kawaida. Ndivyo ifanywavyo Kisangani, na asiyefanya husemwa mpaka wajukuu wake. Ila Berthe hakutaka orkestra, na wale vijana wa spika kubwa, wanaoufanya mtaa mzima wa Kabondo ukeshe bila hiari, hakutaka hata kuwasikia. Alitaka filamu.

"Ile ya Mutu ya Telefone," alisema. "Ile Lukumani alitafsiria batu. Na mwenye kuipitisha akuwe Évariste, kama zamani."

Solange alikuwa ameitafuta mtandaoni miezi mitatu kutoka Kinshasa. Haikuwa kazi ndogo, kwa sababu jina lake halisi hapa hakulijua mtu. Aliwauliza wazee, nao wakamwambia mambo yaleyale: ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, kuna theluji, jiwe linaanguka kutoka juu ya nyota, na ndani ya jiwe linatoka jitu refu lisilo na uso. Halina mdomo. Likitaka kusema hushika waya wa simu, na sauti yake hutoka katika kila simu ya kijiji kwa wakati mmoja. Watu wote wanakimbia isipokuwa msichana mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya simu. Kwa maneno hayo Solange akaipata, akaitia kwenye flash, akapanda ndege nayo ndani ya sidiria yake, kwa kuwa mizigo hupotea.

"Tonton Évariste, tazama basi. Iko yenyewe?"

Ilikuwa yenyewe. Évariste aliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugusa chai.

Kabla ya kuendelea, asiyejua Kilingala aambiwe jambo moja. Lobi ni jana. Na lobi ni kesho. Neno ni lilelile, na mtu wa mji huu habahatishi, maana husikia mwendo wa sentensi akajua anapelekwa nyuma au mbele. Wanaojikwaa ni wageni. Na siku moja ya mwaka 1971, alijikwaa Évariste.

Wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, fundi wa redio, mikono myepesi na mdomo mzito. Parokia ilikuwa na mashine ya sinema, na padri mmoja Mfleming, waliyemwita mon père Ndevu, alianzisha ciné-club. Kila Jumapili mchana madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi, watu wakajazana kwenye mabenchi, Évariste akasimama nyuma na mashine. Mbele kabisa, kwenye meza ndogo, alikaa katibu, Berthe, mwanafunzi wa miaka kumi na saba, na daftari lake la jalada la bluu. Kando ya kitambaa cheupe cha picha alisimama Lukumani, mkononi na faneli ya bati aliyojitengenezea kwa kopo la maziwa ya unga, akitafsiri. Spika ya mashine ilikuwa ndogo na mbovu, ilikoroma kama mzee mwenye pumu, na watu wengi Kifaransa chao kiliishia bonjour. Kwa hiyo filamu, kwa kweli, ilikuwa ni Lukumani.

Mon père Ndevu alikuwa na sheria moja: aliyekula lazima aseme chakula kilikuwaje. Filamu ikiisha hapana kutoka mpaka utoe maoni, na Berthe anaandika. Watu walizoea hata wakawa wanakuja na maoni yao tayari kutoka nyumbani, kabla ya kuona lolote.

Mutu ya Telefone ilifika kwa meli, bobine tatu, yaani magurudumu matatu ya utepe wa filamu, ndani ya mikebe mitatu ya bati, na mvua ya safarini ilikuwa imebandua karatasi zote za namba. Bobine moja ilikuwa imechanika. Alhamisi padri na Évariste waliishona. Ijumaa padri akasema kuna nyingine yenye mchaniko, wataishona kesho yake. Akaonyesha mikebe kwa kidole, na kwa ule mchanganyiko wake wa Kilingala na Kiswahili, ambao Mungu peke yake ndiye aliyejua sarufi yake, akasema: "Jumapili, nyuma ya ile ya kwanza, tia bobine ya lobi."

Alikuwa na maana ya kesho, ile watakayoishona. Évariste akasikia jana, ile waliyoishona. Jumamosi padri akaitwa ng'ambo, Lubunga, kwenye mazishi, na kutoka huko akachukua garimoshi kwenda kutembelea misheni za ndani, asirudi wiki mbili. Évariste akaishona bobine iliyobaki peke yake, akiipapasa kwa vidole kutafuta palipochanika, bila kutazama hata picha moja. Jumapili akaweka ya kwanza. Kisha akaweka ile ya Alhamisi, kumbe ndiyo ya tatu.

Jitu likaja kijijini. Ghafla, bila watu kuelewa limekosa nini, likafukuzwa na askari, likazingirwa kwenye ghala, likateketezwa kwa umeme mbele ya msichana wa simu. Likaanguka kwenye theluji. Na juu ya theluji zikaandikwa herufi kubwa nyeusi: FIN, yaani mwisho.

Watu wakaanza kusimama, wanung'unike vizuri, kwa kuwa filamu ilikuwa fupi na haina kichwa wala miguu. Nyuma yao Évariste aliutazama mkebe uliobaki, akaelewa, na jasho likamtoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akaiweka bobine. Angefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki. Picha ikawaka, na kwenye kitambaa jitu lilelile, lililokufa sasa hivi mbele ya watu mia mbili, likawa linatembea taratibu, zima, kuelekea nyumba ya simu.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata watoto waliokuwa wananyonya waliachia ziwa. Lukumani alimtazama Évariste kwa mbali, juu ya vichwa vyote vile, mara moja tu. Kisha akainua faneli.

"Ikaleni chini!" akapiga kelele. "Fin iko ya Bazungu! Sisi hatuyamaliza bado!"

Wakakaa. Na Lukumani, ambaye filamu hiyo hakuwahi kuiona, akaanza kuwasimulia jinsi yule aliyekufa alivyorudi kumuaga msichana wa simu. Kila tukio likaingia mahali pake kama kidole kwenye pete. Msichana anashtuka? Anashtuka kwa kuwa ameona mfu. Anamgusa mkono? Anataka kujua kama ni wa baridi. Mwishoni kabisa jitu halipo, msichana amekaa peke yake mbele ya zile taa zake za simu, taa moja inawaka, anainua simu, spika inakoroma kitu, naye anafumba macho na kutikisa kichwa polepole, kukubali. Hapo ndipo bobine ya pili inapoishia. Lukumani akaikaribia spika, akasikiliza, akainua faneli, na kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia akasema: "Nakuya lobi." Nakuja kesho.

Kitambaa kikawa cheupe. Wanawake walikuwa wanalia. Wavuvi wa Wagenia waliokaa nyuma walipiga miguu sakafuni mpaka vumbi likapanda. Siku ile Berthe aliandika maoni arobaini na matatu, akamaliza wino wa kalamu moja, akaazima nyingine.

Jumapili iliyofuata Évariste alitaka kuirekebisha. Lukumani akamkatalia. "Batu banataka ile ya juzi," akasema. "Ukibapa ingine, batakupiga." Ikapita tena vilevile, kwa makusudi sasa, na mikebe ikarudi kwenye meli kabla padri hajavuka mto. Siri ikabaki ya watu wawili. Mwaka uliofuata Lukumani akamuoa Berthe.

Hayo yalikuwa ya ujana, yangeweza kusahaulika. Lakini yale maneno yalikataa kusahaulika. Yaliingia katika nyumba ile yakawa kama salamu. Lukumani akienda sokoni, nakuya lobi. Akienda Ubundu kununua mchele, nakuya lobi. Na mwaka 2000, siku ya kwanza ya vita vya siku sita vilivyopiganwa hapa mjini, alitoka na bidoni kwenda kutafuta maji, akasema hivyohivyo mlangoni, na mabomu yakaanza nyuma yake. Siku ya nne majirani walimwambia Berthe aanze kilio. Berthe akawajibu: "Fin iko ya Bazungu." Siku ya saba Lukumani akaingia uani na bidoni yake, nusu. Berthe alimgombeza kwa ile nusu kabla hajamkumbatia, na watu wa mtaa wanacheka mpaka leo wakilikumbuka.

Basi ndiyo maana fulana. Ndiyo maana filamu. Na ndiyo maana Évariste, Jumatano ile, hakuinuka kitini. Kwa kuwa kwenye kompyuta ya Solange mambo mawili yalikuwa wazi. Kwanza, filamu ilikuwa katika mpangilio wake: jitu linafika, linapendana na msichana, linakufa, basi. Kosa lake la miaka hamsini na zaidi litakuwa hadharani. Hilo angelimeza. Pili, spika ya kompyuta haikoromi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Évariste alisikia kile ambacho sauti ile inamwambia msichana wa simu. Ilisema kwa Kifaransa safi, bila haraka: "Ne m'attends plus." Usiningoje tena.

Akarudisha nyuma, akasikiliza mara tatu. Usiningoje tena. Lukumani alikuwa ameyapindua maneno chini juu, na mjane wake alikuwa ameyachapa kwenye fulana arobaini.

Alhamisi Évariste alikwenda kwa Berthe na uongo wake mwenyewe, uliochongwa njiani juu ya pikipiki. Mtu wa mdomo mzito asidanganye, hana zoezi.

"Ile flash," akasema, "iko na virusi."

Berthe alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Alifundisha shule miaka thelathini na minne, na macho yake bado yalijua kuuona mkono unaoficha karatasi chini ya dawati.

"Virusi? Ulimupima damu?"

"Berthe, ni mambo ya mashine…"

"Évariste. Miye nimevaa nguo nyeusi mwaka mzima kwa joto hii ya Kisangani. Kama iko na virusi, umupe dawa. Jumamosi nataka kuona filamu yangu."

Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari la jalada la bluu, ambalo sasa lilikuwa na rangi ya majivu. Akavaa miwani, akaanza kumsomea kana kwamba ni barua kutoka kwa ndugu. Maoni namba nne, fundi cherehani: filamu ni nzuri kwa kuwa inaonyesha mfu ana adabu kuliko watu wazima. Namba kumi na moja, mvuvi wa Wagenia: wangemtupa majini asingerudi, Wazungu hawajui kazi. Namba ishirini, Adèle, muuza maandazi: nimeogopa sana, nitarudi Jumapili. Namba ishirini na saba, Ismaël, fundi wa reli: theluji ile ni unga wa muhogo, mimi sidanganyiki. Berthe alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akageuza ukurasa wa mwisho na kuweka kidole.

"Na hapa, tazama. Évariste, mashine. Kisha hapana kintu. Kila Jumapili, miaka tatu, hapana kintu. Mutu mumoja tu mwenye hakutoaka maoni."

"Miye nilikuwa na mashine."

"Ulikuwa na mdomo pia," alisema Berthe, na akarudi kwenye pondu yake.

Évariste alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alimkasirikia Lukumani, akamkasirikia kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja aliyebeba ndizi akamwamkia kwa huruma. Mtu anakufa, anapumzika, na uongo wake anamwachia rafiki aubebe! Lakini alipofika mlangoni hasira ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa kumkosa tu. Alimkosa vibaya. Kama Lukumani angekuwepo angelitatua jambo hili kwa pumzi moja, kwa faneli.

Jumamosi ikafika. Ni ukumbi uleule, bati jipya na mabenchi yaleyale. Madirisha yalizibwa kwa vitenge vya wanawake, na mchana ukapita kwenye maua ya vitenge ukaingia wa rangi rangi. Watu walikuwa wamekwisha kula lituma ya ndizi za kutwanga na samaki, wameshiba na kulegea. Wa zamani walikuwa wanane tu. Ismaël alivuka kwa mtumbwi kutoka Lubunga, fimbo mkononi. Adèle aliletwa na wajukuu wawili, mmoja kila upande. Wengine walikuwa watoto na wakwe, pamoja na papa Mbusa, mfanyabiashara kutoka Butembo, jirani wa Berthe, ambaye filamu hakuijua lakini alikuwa amesikia habari zake mpaka masikio yakachoka. Wote walivaa fulana. Évariste naye alivaa, na kila alipogeuka maneno yale yalimgusa mgongoni.

Berthe alikaa mbele, kwenye meza ndogo, kitenge kipya cha manjano, daftari na kalamu. Kando ya daftari alikuwa ameweka ile faneli ya bati. Hakusema ni ya nini.

Évariste akawasha projecteur ya parokia. Filamu ikaenda. Jiwe likaanguka, watu wakasema eee! kama zamani. Likaja jitu, wajukuu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Lakini ilipofika katikati, jitu na msichana wakakaa pamoja kwenye nyumba ya simu, Ismaël akagonga fimbo chini.

"Hapana! Hapa anapaswa kuwa amekwisha kufa!"

"Bamekata," akasema Adèle. "Internet inakataka vintu. Hata mahubiri banakata."

"Iko duplicate," akaamua Ismaël. "Ya kwetu ilikuwa original."

"Wazee, nyamazeni basi, tunasikiliza Kifaransa," akaomba papa Mbusa, lakini nani angemsikia? Zogo lile liliimeza sauti ya spika, na kwenye lile neno la simu, neno lenyewe, Évariste alikohoa kikohozi kirefu ambacho mtu wa afya yake hakuwa nacho. Likapita. Akamshukuru Mungu. Askari wakaja, ghala, umeme, theluji. FIN.

Évariste akangoja watu wasimame, wapige makofi ya adabu, waende kunywa. Hakusimama mtu. Wakwe walianza kuinuka, wakaona wazee wamekaa, wakakaa tena. Wale wanane walikuwa wanakitazama kitambaa, mikono mapajani, kwa utulivu wa watu wanaojua kinachofuata.

 Kisha Berthe, bila kugeuka, akasema: "Évariste. Tia bobine ingine."

"Hakuna ingine, Berthe."

"Sisi hatuyamaliza."

Hapo Évariste akaiacha mashine. Alitembea katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama mahali ambapo hakuwahi kusimama maisha yake yote, akawageukia watu. Akasema. Alisema vibaya, akirudia rudia, lakini alisema: mvua, mikebe, mon père Ndevu, bobine ya lobi. Jinsi padri alivyosema kesho naye akasikia jana. Jinsi ile waliyoiona mwaka 1971 ilivyokuwa mwisho kwanza na katikati mwisho. "Yule mutu hakurudia," akamaliza. "Ni miye nilikosa. Lukumani aliniokoa tu. Munisamehe."

Alijiandaa kwa hasira. Alijiandaa hata kwa machozi. Hakujiandaa kwa Ismaël.

"Uzee," akasema Ismaël kwa masikitiko, akiwageukia jirani zake. "Anaanza kusahau. Miye nilimuona na macho yangu, akikufa, akirudia. Huyu alikuwa nyuma na mashine, ataona nini?"

"Hata miye nilimuona," akasema Adèle. "Nililia siku mbili. Sasa mutu analiaka siku mbili juu ya kosa?"

"Mais papa anaeleza vizuri, ni bobine…" alianza papa Mbusa.

"Wewe haukukuwa!" wakamwambia wote wanane kwa pamoja.

Évariste akamtazama Berthe. Kalamu yake ilikuwa juu, haijaandika.

"Hiyo haiko maoni, Évariste," akasema. "Hiyo iko ungamo, na mon père hayuko. Bon. Rudisha pale katikati, upitishe ya mwisho yetu."

Akainua faneli, akamnyoshea.

Solange akaenda kwenye kompyuta, akairudisha filamu hadi pale jitu linapotembea taratibu, zima, kuelekea nyumba ya simu. Évariste akabaki mbele na faneli ya marehemu mkononi. Ndani yake bado ilinuka kutu na, aliapa baadaye, tumbaku ya Lukumani. Akaipeleka mdomoni. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, akaona haya, akaendelea. "Amerudia," akasema. "Anakuja kumuaga. Yule mutoto mwanamuke anaogopa, lakini anafungua mulango." Adèle akaguna kwa raha. Évariste akasahau kuona haya. Maneno yalikuwa yanamjia kutoka mahali ambapo hakujua ameyaweka, yote, hata yale mapumziko, hata ule mzaha kuhusu viatu vya lile jitu, na watu wakacheka palepale walipocheka zamani, na kwa kitambo kidogo alikuwa na hakika kwamba akigeuka nyuma ataona mashine yake na kijana amesimama kando yake.

Taa ikawaka kwenye nyumba ya simu. Msichana akainua simu. Ukumbi ulikuwa kimya, kimya cha kusikia nzi, na spika haikukoroma. Évariste akavuta pumzi mpaka fulana ikamkaza, na ile sauti ya Kifaransa ilipoanza tu, ne m'a—, akapiga kelele kwa nguvu zote za kifua cha miaka sabini na mbili:

"NAKUYA LOBI!"

Lukumani alikuwa amelisema kwa sauti ya chini. Évariste alilisema kama mtu anayeita mtumbwi ng'ambo ya mto. Mtoto mmoja akaanza kulia. Kwenye kitambaa msichana akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, na Solange akazima. Kisha makofi, na Ismaël anapiga fimbo sakafuni, na vumbi likapanda kwenye mwanga wa vitenge.

"Sasa ndiyo yenyewe!" anasema Ismaël. "Original!"

Watu walipopanga mstari kutoa maoni, Évariste alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mbele, faneli mapajani. Berthe aliwaandika wote, mmoja mmoja, mpaka papa Mbusa, aliyesema kwamba hakuelewa lakini ameguswa. Ukumbi ulipobaki mtupu akavua miwani, akamwinamia.

"Kwa nini ulipiga kelele vile?"

"Spika iko chini…"

"Évariste." Alitabasamu. "Siku ile, meza yangu ilikuwa kando ya spika. Kuliko Lukumani miye ndiye nilijua Kifaransa. Nilisikia ile sauti ilisema nini. Kisha nikamusikia Lukumani."

Évariste akaiweka faneli chini.

"Nikajisemea, huyu kijana amesikia vizuri kabisa. Ameangalia batu mia mbili, na hakutaka barudi nyumbani na ile neno. Nikasema, ni huyu nitaolewa naye." Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, bila kuficha. "Leo nilifikiri nitaisikia, ile ya kweli, mara ya pili. Nilikuwa nimejiandaa. Na wewe ukapiga kelele."

Walicheka, wakalia kidogo. Nje watu walikuwa wamekwisha kufungua vinywaji. Berthe akavaa miwani tena, akafungua daftari la zamani kwenye ukurasa wa mwisho, akaweka kalamu penye mstari uliokuwa unangoja tangu mwaka 1971.

"Évariste, mashine," akasoma. "Bon. Maoni yako."

Évariste alikitazama kile kitambaa, ambacho sasa kilikuwa shuka ya kitanda tu, na kando yake ile nafasi tupu anaposimama mtu mwenye faneli.

"Iko muzuri," akasema. Berthe akaandika, akangoja.

"Lakini iko mufupi."